Okei ilizaliwa gazetini, sio vitani

Mhariri salamu, juzi mmetoa makala mkasema neno okei limetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ati jioni kama hakuna askari aliyekufa wanaandika 0 na K ubaoni, yaani "0 killed", waliouawa sifuri. Stori tamu sibishi, ila ile vita ilianza 1861 na okei ilishachapishwa tangu 1839, sasa sijui huo ubao ulirudi nyuma vipi.

Tena nyie watu wa magazeti ndo mngekuwa wa kwanza kujua manake aliyeileta ni mwenzenu. Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839 liliandika "o.k." likaeleza hapohapo kuwa ni "all correct", yaani yote sahihi. Utasema mbona hayo maneno yanaanza na A na C? Ndo utani wenyewe huo, kipindi kile magazeti ya Boston yalikuwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa spelingi mbovu za makusudi, "oll korrect", kama hawa vijana wetu na "xaxa" na "cjui" zao. Vifupisho vingi vya mchezo ule vilikufa, hiki kikapona sababu 1840 ulikuwa mwaka wa uchaguzi na Rais Martin Van Buren walikuwa wanamwita Old Kinderhook, Kinderhook ndo kwao alikozaliwa, basi wafuasi wake wakajiita O.K. Club na wapinzani nao wakaligeuza kuwa kijembe. Mzee akashindwa, neno likabaki. Aliyekuja kufukua yote haya ni profesa Allen Walker Read, miaka ya 1960.

Kinachonichekesha ni lilivyoshuka cheo. Lilianza na maana ya sahihi kabisa, leo muulize mtu filamu ilikuwaje akikwambia "ilikuwa okei" ujue alisinzia. Kwenye meseji ndo balaa, umemwandikia mtu aya nzima unajieleza, tiki zimekuwa bluu, kimya dakika kumi, halafu inaingia "ok". Hapo hakuna kilicho sahihi, hapo umenuniwa. Ikija "okeeey" ushasamehewa, ikija "k" peke yake achana na kuandika, piga simu.

Basi mturekebishie toleo lijalo, na tafadhali barua hii msinijibu kwa ok.

Msomaji wenu wa siku zote