Santuri si za kulundikwa stoo

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme na wenye santuri, zile sahani za muziki, majumbani, hasa sisi watu wa mwambao, Tanga, Mombasa, Unguja na Dar, maana zinakufa hivi hivi tunaziangalia na mimi inaniuma sana.

Redio zikipiga zilipendwa kila mtu anasema muziki ndio ule bana, sawa, lakini nenda kaangalie santuri zenyewe zilipo. Ziko stoo chini ya bati, zimelazwa moja juu ya nyingine na juu yake kuna jiko bovu na mapazia ya zamani. Juzi kati jirani alinitolea rundo la marehemu baba yake, bendi zetu za Tanga, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, humo humo, moja nilivyoiweka mezani imepinda kama chapati iliyolala, kwenye lebo mzee kaandika jina lake kwa wino, mwandiko safi kabisa, halafu ukiipiga sindano haikai, inaruka tu.

Joto ndio limefanya vile. Plastiki ya santuri inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa vioo juani ndio usiseme. Hata joto lisipofika huko, ukizilaza zinakandamizana taratibu mpaka zinaharibika. Zisimamishe wima, zisiegemee upande, na zisibanane mpaka ukivuta moja kava linachanika. Shelfu iwe imara, maana LP, zile santuri kubwa, 100 na makava yake ni kama kilo 25.

Halafu unyevu, hapa ndio sisi wa pwani tuna kazi kuliko watu wa bara. Masika ikiingia ukungu unaanza kwenye kava, unahamia kwenye karatasi ya ndani, mwisho uko kwenye mistari ya sahani yenyewe na unasikia mkwaruzo wimbo mzima. Watu wanakimbilia kuzifunga kwenye nailoni wakidhani wanazikinga kumbe ndio wanafungia unyevu humo humo. Acha hewa ipite, kabati lisigusane na ukuta wa nje wala boksi lisikae sakafuni, mchwa wanazipenda mno zile karatasi, na mara moja moja zitoe zote ufute kabati ndani.

Sasa wenye zile za kale zaidi, za mizunguko 78 kwa dakika, nzito na zikidondoka zinavunjika, nyie ndio nawaomba sana. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alivyoenda kurekodi Bombay 1928 nyimbo zilitoka kwenye sahani za namna hiyo. Zile sio plastiki, zina utomvu wa wadudu, ule ule mafundi seremala wanauyeyusha kwenye spiriti wapige polishi, kwa hiyo ukiifuta kwa spiriti unayeyusha na wimbo wenyewe. Kitambaa laini na maji kidogo tu, lebo isilowe, kausha hapo hapo.

Napiga kelele kwa sababu nyingi ya hizi hazina pa kupatikana tena. Bendi zetu zilikuwa zinafyatuliwa santuri Nairobi, kampuni ya santuri ya Mzuri ya Mombasa nayo ikatoa taarabu za pwani, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulivyofungwa 1977 hata kuzipata tu ikawa shughuli. Nyimbo kibao hazikurudi kwenye kaseti wala sidii, kwa hiyo hiyo uliyonayo chini ya jiko bovu huenda ndio imebaki, na wanunuzi wa nje wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Mhariri, nyie mkiandika kuhusu zilipendwa waulizeni na wasomaji wana nini nyumbani, wawaletee jina la bendi na namba iliyoko kwenye lebo mchapishe gazetini, tujue zipi bado zipo kabla masika ijayo haijaingia.

Msomaji wenu,
Tanga