Usiitupe hiyo Kindle

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimeisoma barua yako, kwamba vitabu vipya havitokei na betri inaisha kwa siku moja, na ninakusihi usiitupe hiyo Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Kama ni ile ya mwaka 2010 yenye vitufe vya herufi chini ya kioo, bado ni nzima. Kilichobadilika ni faili za vitabu.

Faili za vitabu huja kwa miundo mbalimbali. Kindle hiyo husoma muundo wa MOBI, na ikiwa na programu toleo la 3.4 au la juu zaidi husoma AZW3 pia. EPUB, muundo mwingine wa vitabu, haiutambui. Ukiinakili humo, kitabu hakitokei hata kwenye orodha, na hapo ndipo watu hudhani kifaa kimekufa. MOBI ilitokana na Mobipocket, kampuni ya Ufaransa iliyonunuliwa na Amazon mwaka 2005. Sasa Amazon wenyewe wameipa kisogo: ukiwatumia kitabu wakipeleke kwenye Kindle yako, wanapokea EPUB, MOBI hapana.

Kwa hiyo pakua Calibre, programu ya kupanga na kubadilisha faili za vitabu, kwenye kompyuta. Ni ya bure. Ingiza EPUB, ibadilishe iwe AZW3, au MOBI kama toleo lako ni la chini ya 3.4, halafu itume kwa waya. EPUB usiifute! Hiyo ndiyo nakala mama: ndani yake ni kurasa kama za tovuti zilizofungashwa pamoja, na kifaa chochote utakachonunua kesho kitapata pa kuanzia. Vitabu vya kununua vyenye kufuli la kuzuia kunakiliwa havitakubali kubadilishwa. PDF za A4 nazo usihangaike nazo. Kwenye kioo cha inchi 6 herufi huwa kama chawa, na ukizibadilisha, namba za kurasa huishia katikati ya sentensi.

Waya nao uangalie vizuri. Nyaya nyingi za bei ya chini hupitisha umeme tu, hazina nyuzi za data: Kindle itachaji lakini kompyuta haitaiona. Na kabla ya kuchomoa, iambie kompyuta iiachie kwanza (Eject), ama sivyo faili inaweza kubaki nusu.

Faili nusu ndiyo ninayoishuku kwa hilo la betri kuisha kwa siku moja. Kindle hupitia kila neno la kitabu kipya ili uweze kukitafuta baadaye. Ikikutana na faili mbovu, hukwama, ikarudia na kurudia usiku kucha huku wewe ukidhani imelala. Jaribu hivi: ukiwa kwenye orodha ya vitabu, andika neno lisilo na maana, mathalani "zzqx", kisha tafuta. Matokeo yatakuonyesha vitabu ambavyo bado havijapitiwa. Kama kesho yake kitabu kilekile bado kimo, kifute, kisha vuta swichi ya kuwashia uishikilie kama sekunde 20 mpaka ijiwashe upya. Vitabu vingi vikiingia kwa mpigo, betri itashuka kwa muda hata kama vyote ni vizima, kwa hiyo iache kwenye chaja.

Ikiendelea kuisha baada ya hapo, basi betri yenyewe imechoka. Tafuta ya volti 3.7, mAh 1750, iliyotengenezwa kwa modeli hiyo. Fundi afungue kifuniko cha nyuma kwa kipande cha plastiki, si bisibisi, maana skrini ina tabaka jembamba la kioo ndani na likipasuka halitengenezeki.

Niandikie namba ya toleo utakayoikuta kwenye mipangilio.

Wako,
Salma