Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Majibu ya saratani yasitolewe koridoni

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima.

Majibu yangu nilipewa koridoni. Bahasha ilibanwa kwa pini mbili. Nikazing'oa kwa kucha, nikasoma neno moja nililolielewa, nikairudisha karatasi ndani. Nesi akanielekeza dirishani nikaulize gharama za upasuaji. Simlaumu, foleni nyuma yangu ilifika mlangoni. Wiki mbili zilizofuata usingizi uligoma, chakula hakipiti. Nilikwenda kupasuliwa nikiwa nimeshaisha.

Sikujua kwamba hofu ile nayo ina kazi yake mwilini. Mtu akishinda na kulala na msongo wa mawazo, homoni ya kotisoli hupanda, na ikikaa juu muda mrefu hudhoofisha kinga. Mwaka 1998 Barbara Andersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha uchunguzi wa wanawake 116 waliotoka kupasuliwa saratani ya matiti. Kadiri msongo ulivyozidi, ndivyo seli za kinga zinazoua seli mbovu zilivyoonekana kulegea katika damu yao.

Naomba sana hili lisigeuzwe fimbo ya kutuchapia. Tayari tunaambiwa, "Ulikuwa unawaza sana, ndiyo maana." Uchunguzi ule haukusema hivyo. Wala maongezi hayashiki nafasi ya kisu, dripu au mionzi: utafiti wa Kanada wa mwaka 2001 ulionyesha kuwa vikundi vya kuzungumza havikuwarefushia maisha wanawake ambao saratani ilishasambaa. Lakini waliokuwa na majonzi mengi walipata nafuu, hata maumivu yakapungua. Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha.

Mheshimiwa, kwenye VVU nchi hii iliweza. Mtu anakalishwa chumbani, mlango unafungwa, anazungumzishwa kabla ya kipimo na baada yake. Naomba kila kliniki ya saratani ya matiti iwe na mshauri nasaha aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, siyo nesi aliyeongezewa mzigo juu ya mzigo. Mama aliyetoka Songea kufuata mionzi Dar es Salaam, watoto kawaachia jirani, apate wa kumwuliza ameamkaje.

Mimi niko tayari kuja kukaa na wanaoanza matibabu, siku yoyote ya kliniki.

Wako,
Mgonjwa wa saratani ya matiti,
Morogoro