Ushuru asubuhi, kenta saa nne

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako maana ofisini kwa halmashauri yetu nimeshaenda mara tatu na kila nikienda mhusika yuko kikaoni. Mimi nauza mihogo ya kukaanga na chai pembeni ya kituo cha daladala huku pembezoni mwa Dar, mwaka wa tisa sasa. Jina la halmashauri naliacha, nikiitaja hii zile zingine zitajiona safi na mchezo ni uleule.

Jumanne iliyopita kijana wa ushuru kapita kama kawaida yake, posi, ile mashine ya risiti, mkononi, nikampa jero yake, yaani shilingi mia tano, mashine ikatema karatasi nikaichomeka kwenye msumari na zile zingine. Imeandikwa 07:52. Saa nne na robo hivi kenta ya mgambo, lile lori lao dogo, ikasimama mbele ya meza yangu, na ubavuni mwa ile kenta kuna nembo ileile iliyopo juu ya risiti. Hawakuuliza kitu. Mmoja wao, kijana ambaye hunywa chai kwangu na ana deni langu la vikombe viwili, akaniambia chinichini mama epua mafuta kwanza usiungue, basi nikaepua, nikageuka nyuma meza iko hewani inapandishwa juu ya kenta, mihogo iko chini kwenye mchanga, chachandu ya ukwaju nimeipika usiku kucha imemwagika yote. Kesho yake nimefuata karai na jiko kwenye yadi yao naambiwa faini elfu hamsini. Karai jipya ni chini ya hapo! Nimewaachia.

Sasa swali langu kwao ni moja tu, ile jero ni ya nini? Kama pale hapatakiwi biashara basi kijana wa posi asipite, na kama anapita na anakata risiti yenye tarehe na saa basi mmeshanikubali mpaka hapo mtakaponiambia vingine kwa maandishi. Hamuwezi kunifanya mlipa ushuru saa moja halafu saa nne mvamizi.

Na hapo hapo kuna jambo ambalo wengi hatulijui, mimi mwenyewe nimeelezwa na mteja wangu mmoja anayefanya kazi za barabara. Barabara kuu kama hii ya kwetu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi yake ni mita 30 kila upande kuanzia katikati. Zile za mitaani ndo za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kwahiyo meza yangu iko kwenye eneo ambalo wala sio la halmashauri, lakini anayevuna hela pale kila siku ni halmashauri, na siku ya kufukuza anayekuja na kenta ni halmashauri hiyohiyo anasema analinda hifadhi ya barabara. Nilicheka nikiwa na hasira.

Tusidanganyane lakini, hata sisi tuna makosa na naandika hapa wenzangu watanichukia. Wanaokumbuka Kariakoo kabla machinga hawajaondolewa Oktoba 2021 wanajua, mtu ana fremu analipa kodi ya pango na TRA juu, mlangoni kwake kuna meza tatu zinauza bidhaa ileile aliyonayo ndani kwa bei ya chini, mteja hata mlango haoni. Hata kituoni kwetu kuna jamaa wa mitumba alijitanua mpaka akafunika mtaro kwa mbao, masika ilipoingia maji yakahamia vyumbani kwa watu. Na kuna baba mmoja anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, njia ya waenda kwa miguu tumeijaza sisi kwahiyo yeye anapita kwenye lami na daladala zinampigia honi. Yule baba hana kosa lolote. Tungeambiwa turudi nyuma hatua tatu tungerudi, mimi ningekuwa wa kwanza, ila hakuna aliyekuja kutuambia rudini nyuma, wanakuja kuondoa tu.

Vitambulisho navyo ni hadithi nyingine. Desemba 2018 hayati Magufuli akatoa vile vya wajasiriamali wadogo kwa elfu ishirini, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni nne kwa mwaka, tukaambiwa ukiwa nacho hubughudhiwi. Nikakinunua, nikakining'iniza shingoni mpaka kamba ikakatika. 2021 Rais Samia akaagiza tupangwe vizuri bila mabavu, na nakiri kuna sehemu walikaa na watu wakaongea. Sasa vimekuja vya kidijitali, napo elfu ishirini. Sikatai kulipa, nataka tu kujua kitambulisho kinanilinda na nini, maana mgambo siku ile hakuna aliyeniomba nikionyeshe.

Wanasema nenda soko tulilowatengea. Nimeenda kuliangalia, nisiseme uongo, lina paa zuri, choo kipo, vizimba vimepigwa namba. Ila liko nyuma huko, kutoka kituoni ni bajaji ya buku, elfu moja nzima. Wateja wangu ni makonda, wanafunzi, mafundi wanaowahi saiti, anakula amesimama muhogo wa mia tatu huku anachungulia gari yake, huyu mtu atapanda bajaji ya buku kufuata muhogo wa mia tatu? Nguo, simu, vyombo, hivyo mtu anavifuata popote. Chakula cha asubuhi kinamfuata mtu. Si tuna Machinga Complex pale Karume, soko la machinga la ghorofa kabisa, lilijengwa enzi za Kikwete kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na bado kwa miaka vizimba vya juu vilidoda wakati chini barabarani pamejaa, kwasababu mnunuzi wa soksi hapandi ngazi.

Mimi ningepewa nafasi kwenye hicho kikao wanachokaaga kila siku ningesema hivi. Pigeni mstari wa rangi chini, huu wa watu kupita, huu wa meza, atakayevuka mstari mchukulieni meza na wala sitamtetea. Sisi wa chai tupeni alfajiri mpaka saa tatu na nusu tuondoke na kila kitu chetu, wa chipsi na mishikaki waingie jioni, mchana pabaki peupe, hata hao wakubwa wanaopita na misafara watapaona pasafi. Na mkichukua mali ya mtu andikeni karatasi, karai moja, jiko moja, meza moja, asaini aliyechukua. Mimi mpaka leo sina hata kipande cha karatasi kinachoonyesha jiko langu liko kwao, wakati ile jero tu inakatiwa risiti. Kuhusu mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, sitaki hata kuigusa leo, maana kikundi chetu tunazungushwa, fomu inataka anuani ya eneo la biashara na eneo lenyewe ndo hilo mnalolibomoa.

Karai nimeazima kwa shoga yangu, jiko nimekopa. Alhamisi nilikuwa palepale saa kumi na moja alfajiri, na saa mbili kasoro kijana wa posi akapita. Nimelipa. Risiti iko msumarini.

Mama Mihogo,
Dar es Salaam