Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Ondoa kodi kwenye spea za regulata

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Diani, ambako kazi yangu ni kuwashusha wageni baharini na kuwapandisha wazima. Kabla hujasoma bajeti mwezi wa Juni, naomba uitazame regulata, kifaa anachopumulia mzamiaji.

Mtungi hujazwa hewa hadi takriban bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Sehemu ya kwanza ya regulata, inayofungwa kwenye mtungi, huishusha hadi karibu bar 10. Ile ya mdomoni humalizia, mtu avute pumzi kwa wepesi. Kazi yote hiyo hutegemea vipande vidogo: oringi (pete za mpira zinazozuia hewa isivuje), chujio, springi, na kidude cha plastiki ngumu kinachofungua na kuziba njia ya hewa. Fungua regulata iliyochelewa sevisi, utakuta chujio limeota kutu ya kijani na chumvi imegandamana pembeni. Regulata kama hiyo inaweza kuanza kububujika yenyewe, au hewa ikavutika kwa shida, na mtu yuko mita 20 chini.

Watengenezaji wengi huagiza sevisi kila mwaka au kila miaka miwili. Seti moja ina sehemu tatu, pamoja na ile ya mdomoni ya akiba, na kila sehemu ina pakiti yake ya spea. Zote zinatoka ng'ambo. Juu ya bei na nauli huja ushuru, kisha VAT ya asilimia 16, inayotozwa hata juu ya huo ushuru. Na sevisi hufanywa wakati wa kusi, bahari imechafuka, wageni hakuna, mfuko mtupu. Hapo ndipo mwenye duka la uzamiaji hushawishika kusema regulata zivuke msimu mmoja zaidi. Nimeyasikia maneno hayo, na yananitisha.

Usiambiwe huu ni mchezo wa matajiri. Wanaozipumulia kila siku ni vijana wa Kwale na Kilifi walioajiriwa kuongoza wageni, na watafiti wa matumbawe. Gari lilipotumbukia baharini kutoka kivuko cha Likoni, Mombasa, Septemba 2019, nchi nzima ilikaa ikiwasubiri wazamiaji.

Ombi langu: spea za sevisi ya regulata zihesabiwe kuwa vifaa vya usalama, zisitozwe ushuru wala VAT. Tena, kwa kuwa watengenezaji wengi huwauzia spea mafundi waliosomea vifaa vyao tu, tenga fedha za kuwasomesha vijana wachache wa Pwani kazi hiyo. Regulata mpya zinaweza kuendelea kutozwa kama kawaida. Spea ndizo haziwezi kungoja.

Wako mtiifu,
Mzamiaji, Diani