Shukrani kwa muuguzi aliyenishika mkono
Kwako muuguzi ambaye jina lako sikulipata, pokea shukrani zangu za dhati. Kipimo cha kinyesi nilikifanya nyumbani kwa dakika chache, lakini majibu yalipoonyesha damu isiyoonekana kwa macho, niliamini tayari nina saratani ya utumbo mpana, hadi uliponieleza kwa upole kwamba damu hiyo huweza kutokana hata na bawasiri, na ndiyo maana kipimo cha kamera inayoingizwa ndani ya utumbo mpana hufuata. Usiku wa kunywa dawa ya kusafisha tumbo ulikuwa mgumu kuliko kipimo chenyewe, jambo ambalo wagonjwa wanastahili kuambiwa mapema. Nilipolala kwa ubavu wa kushoto nikitetemeka, ulinishika mkono, ukanionyesha kwenye skrini kinyama kidogo kilichoota ndani ya utumbo kikiondolewa bila maumivu. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema.