Ukisema "bango", unamaanisha lipi?

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye kibanda cha chakula kule Kayole alituagiza bango. Tukamchapishia bena ya plastiki, mita 3 kwa 1, pilau na chapati zikimeremeta. Alipokuja kuichukua aliikunjua juu ya kaunta, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hii itasimama vipi kando ya barabara?" Alichotaka ni kibao cha bati chenye miguu miwili ya chuma. Kosa lilikuwa letu, maana hatukumuuliza. Tulimtengenezea kibao na ile bena tukamwachia bure, lakini siku tatu za biashara yake zilikuwa zimeshapotea. Hilo linatuuma hadi leo.

Neno lenyewe lina mengi ndani yake. Waandamanaji hubeba mabango, yaani maboksi yaliyoandikwa kwa kalamu nene. Kwenye Barabara ya Mombasa, bango ni lile la nguzo ya chuma linaloonekana ukiwa mbali. Mwanafunzi wa chuo naye akisema bango, mara nyingi anataka karatasi ya A3 ya kubandika ukutani. Bei zake ni mbingu na ardhi, na la barabarani huwezi kulisimamisha bila kibali cha kaunti.

Stika haina utata mwingi. Tuambie tu kama utaibandika kwa ndani ya kioo au kwa nje, kwa sababu ya ndani huchapishwa kinyume ili mpita njia aisome sawasawa.

Halafu kuna "kupiga debe", neno ambalo sisi tunalipenda kuliko yote. Limezoeleka stejini, kwa vijana wanaogonga bodi ya matatu wakiita abiria, na sasa hata mgombea wa kiti hupigiwa debe. Mteja akituambia, "Nataka mnipigie debe," tunajua hajaja kununua karatasi. Anataka ajulikane. Huyo tunamketisha kwanza tumuulize: wateja wako hupita wapi, na saa ngapi? Kuna aliyetaka jina lake kwenye nganya, yaani matatu iliyopambwa, kumbe wanunuzi wake wote ni majirani wa ploti moja. Tulimshauri atengeneze kibao cha getini.

Kila mji una msemo wake. New York, kampuni za matangazo zilijaa Madison Avenue hadi jina la barabara likawa jina la kazi yenyewe. Hapa Nairobi, ukiambiwa "peleka River Road" na umeshika karatasi mkononi, unajua ni kuchapisha.

Kwa hivyo usihangaike kujifunza lugha ya mafundi. Tumia neno lako ulilozoea, kisha utuambie litakaa wapi na atakayelisoma atakuwa anatembea au yuko ndani ya gari. Aliye kwenye gari ana sekunde chache tu: jina, kazi yako na namba ya simu vinamtosha. Tutumie pia picha ya mahali penyewe, hata ya simu.

Nembo yako ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama picha. Ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora, na ikikuzwa kufika mita 3, kingo za herufi huwa na ukungu. Kabla hatujawasha mashine tutakutumia mchoro wenye vipimo. Usome polepole, hasa namba ya simu, kisha utujibu "sawa" ndipo tuchape.